Askari Anayezunguka Njia Ileile

Benchi letu limeipa barabara mgongo. Watu wa vijiwe vingine hukaa kutazama wapita njia. Sisi hukaa kutazama dirisha la saluni, maana nyuma ya dirisha hilo ndiko iliko televisheni, na waya wa pedi ya kuchezea gemu hupitishwa katikati ya nondo mpaka mapajani kwa mwenye zamu. Mwenye saluni ni Kinyozi, mtu mpole mpaka umgusie televisheni yake. Kushoto hukaa Gundi, fundi viatu, anayecheza huku amebana kiatu cha mtu kwa magoti. Katikati ni Kifungu, karani wa mahakama aliyestaafu, ambaye hawezi kuomba hata sukari bila kutaja sheria. Mwisho ni mimi, fundi simu, wanayeniita Chaja kwa sababu umeme wa kijiwe kizima unatoka kwangu, na ahsante sijawahi kuisikia. Tuna gemu moja tu, lile la mapanga na majoka, na shujaa mmoja tunayemlea kwa zamu. Tumempa jina la Mpangaji, kwa kuwa hulala vitanda vya watu na haagi akiondoka. Jumapili hiyo alasiri kahawa ilikuwa bado ya moto, pedi alikuwa nayo Gundi, na Mpangaji alikuwa amejibanza nyuma ya pipa ndani ya ngome, akimvizia askari wa zamu.

Gundi: Mtazameni huyu bwege. Anatoka getini, anakwenda mpaka kisimani, anageuka, anarudi. Tangu tulete gemu hili hapa hajawahi kusema, leo ngoja nipite upande wa pili.

Kinyozi: Mpige basi tuchukue ufunguo.

Gundi: Nimpige wa nini? Akishageuka pale kisimani, ngome yote ni ya kwangu. Naweza kubeba hata meza.

Na kweli alibeba. Alibeba vinara, alibeba ngao, alibeba kuku mzima. Katika kubeba akaangusha sahani, askari akasimama, akachomoa upanga, akauliza nani yuko hapo. Akatazama ukuta. Kisha akasema maneno ambayo Kifungu ndiye hututafsiria, kwamba labda ni panya, akarudisha upanga na kuendelea na safari yake ya kisimani. Tulicheka mpaka Kinyozi akamkata mteja wake vibaya juu ya sikio.

Kifungu: Mimi sicheki. Huku si kucheza. Huku ni kumdhulumu mtu asiye na akili timamu, na kisheria ni kosa kubwa zaidi ya wizi wenyewe.

Gundi: Mtu gani? Yule ni picha!

Kifungu: Picha imepewa kazi ya kulinda. Wewe hujamshinda kwa ujanja, umemshinda kwa sababu aliyemtengeneza alisinzia. Kipimo ni kimoja tu, na nimekisema hapa mara nyingi. Hila unayoifanya, ingemshinda mtu mwenye macho yake mawili? Kama ingemshinda, hiyo ni akili, hongera. Kama inamshinda huyu tu kwa sababu ni mashine, hiyo ni dhuluma.

Gundi: Mzee, acha zako. Lile jitu la mlimani tuliliuaje? Si ulipanda juu ya jiwe wewe mwenyewe, ukakaa huko unalitupia mishale, nalo linazunguka jiwe kama mbuzi aliyefungwa, halijui hata kuokota kokoto?

Kifungu: Ile ilikuwa mbinu ya kivita. Kuchukua mahali pa juu kunaruhusiwa.

Gundi: Jitu halijui kupanda jiwe la kimo cha mtoto, na wewe unaita mbinu ya kivita! Jitu lenye macho yake mawili lingekusubiri ushuke kwenda haja.

Kifungu akakohoa, akasema kuna tofauti kati ya kanuni na mwenendo. Mtu akianza kukuambia kuna tofauti kati ya kanuni na mwenendo, ujue kashikwa pabaya.

Mimi: Na yule mwenye duka? Mlimsogezea kabati mbele ya uso, mkabeba dawa zote rafuni, naye anawaambia karibuni tena.

Kinyozi: Lile wazo lilikuwa langu, na siombi radhi. Mimi naamini wanaotengeneza haya magemu huacha matundu makusudi. Wanataka kutujua tabia. Ukipita kwenye tundu, wanakuandika wewe ni mtu wa namna gani.

Gundi: Wanakuandika wapi?

Kinyozi: Huko kwao. Siku moja utakwenda kuomba kazi, utaambiwa, samahani, wewe ndiye uliyemsogezea mwenye duka kabati.

Mimi: Mimi nasema askari yule si mjinga. Anajifanya. Mtazame alivyochoka. Mshahara mdogo, nguo za chuma juani, aanze kupigania vinara vya tajiri? Ameona kila kitu. Anasema ni panya ili aende nyumbani mzima.

Hapo benchi lilifurahi, nami nikajiona nimesema jambo la maana. Gundi akapanda juu zaidi: akadai kwamba askari wote wa ngome hiyo wamekula njama na Mpangaji, wanagawana, na ndiyo maana njia yao haibadiliki, ili mwizi asipotee. Kifungu akasema kama ni hivyo basi Mpangaji si mwizi, ni mfanyakazi mwenzao, na anastahili likizo. Kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu, akaja dirishani kubisha. Ilikuwa kelele tupu. Hakuna aliyemwona Shemeji akija.

Shemeji ni mume wa dada yake Kinyozi, na kwa kuwa Kinyozi humwita hivyo, kijiwe kizima tunamwita hivyo. Ni mlinzi kwenye ghala la vifaa vya umeme, nyuma ya soko. Mtu wa maneno machache, hunyoosha nguo zake za kazi mwenyewe, na kila akipita hutusalimia mmoja mmoja hata tukiwa tumekazana na gemu hatumjibu. Siku hiyo hakusalimu. Alisimama nyuma yetu, akamtazama yule askari wa ngome akienda kisimani, akigeuka, akirudi.

Shemeji: Zima.

Gundi: Shemeji, subiri kidogo, bado stoo ya…

Shemeji: Nimesema zima!

Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Gundi akasimamisha gemu, askari akaganda njiani mguu juu.

Kinyozi: Kuna nini? Dada mzima?

Shemeji: Dada yako mzima. Mimi ndiye sijui kama ni mzima. Ghala limeibiwa. Nyaya za shaba, marobota kwa marobota. Wamepanda ukuta kwenye kona ya tangi, wamebeba kwa raha zao, wametoka palepale. Nilikuwa kazini. Sikulala, sikunywa, sikuondoka. Na kesho asubuhi naitwa ofisini kwa msimamizi, nikaeleze kwa nini nisifukuzwe.

Tukasema pole, pole sana, kila mtu kwa sauti yake. Kifungu akamsogezea nafasi. Hakukaa.

Kifungu: Hawawezi kukufukuza bila kukusikiliza. Haki ya asili inasema…

Shemeji: Mzee, kabla hujaniambia haki ya asili, rudia kile kipimo chako. Nimekisikia nikiwa pale kwenye nguzo. Kile cha macho mawili.

Kifungu: Kile kilikuwa cha gemu tu, mwanangu.

Shemeji: Kirudie.

Kifungu: Nilisema… hila ikimshinda mtu mwenye macho yake, ni ujanja. Ikimshinda mashine tu, ni dhuluma.

Shemeji: Mimi imenishinda. Sasa niambie. Wale wezi ni wajanja wa kupewa hongera, au mimi ndiye sina macho?

Kifungu akainamia kikombe chake, akaanza kukizungusha.

Gundi: Lakini Shemeji, nawe bwana, si ungebadilisha njia? Leo unaanzia huku, kesho kule…

Shemeji: Nibadilishe! Unafikiri sikuwahi kuwaza hivyo? Ukutani kuna vitufe, umeshaviona? Geti, stoo ndogo, tangi, ofisi, geti tena. Nina kifaa mkononi, kila nikifika nagusisha, kinalia. Nikiruka kimoja, au nikianza na tangi kabla ya stoo, kinapeleka habari ofisini kwamba mlinzi hafanyi kazi. Nilishajaribu. Nilizunguka kinyume, nikasema leo mwizi atanikuta uso kwa uso. Asubuhi yake msimamizi alinisimamisha mbele ya wenzangu akanifokea kama mtoto. Akaniambia sikulipi ufikiri, nakulipa uzunguke. Sasa nimezunguka. Kifaa chao chenyewe kinaonyesha nimezunguka bila kosa hata moja. Na msimamizi yuleyule ananiambia umezunguka vizuri mno mpaka mwizi akajua.

Kinyozi: Huo ni ushenzi!

Mimi: Ushenzi mtupu! Kwa hiyo ukifuata una kosa, usipofuata una kosa.

Gundi: Si ndiyo nilichokuwa nasema mimi? Kosa ni la aliyetengeneza! Huyu askari hapa hana kosa, mchezaji hana kosa, kosa ni la yule aliyekaa ofisini akachora njia moja!

Shemeji: Mchezaji hana kosa?

Gundi: Namaanisha kwenye gemu.

Shemeji: Mchezaji wa ghala langu amebeba shaba, mimi ndiye naitwa. Na wewe unaniambia hana kosa.

Tulianza kumtetea sasa kwa hasira, na hasira ya kijiwe ikishapata njia haina breki. Kinyozi akasema yeye angekwenda na wembe kumnyoa huyo msimamizi kipara. Kifungu akapata sauti yake tena, akasema kesi hiyo ingefika mahakamani angeimaliza kwa dakika chache. Mimi nikaja na nadharia kwamba tajiri mwenye ghala ndiye aliyejiibia, na kwamba vitufe viliwekwa ili mlinzi asiwe na nafasi ya kukutana naye ukutani. Gundi akaichukua hiyo akaivisha kofia: si tajiri mmoja, ni matajiri wote wenye maghala, wamenunua mfumo mmoja wa vitufe kutoka kwa watu walewale wanaotengeneza gemu letu. Tukagonga benchi. Tulikuwa tumesahau kabisa kwamba mwenye shida amesimama.

Shemeji: Nyamazeni kwanza. Nina swali moja. Msimamizi aliniuliza, nani mwingine anaijua njia yako? Nikasema hakuna. Nimeapa. Mke wangu mwenyewe hajui tangi liko upande gani. Lakini wale watu hawakubahatisha. Walijua kwamba nikishagusa kitufe cha tangi, kona ile haina mtu mpaka nimalize ofisi. Gundi, huyu askari hapa umemjuaje?

Gundi: Huyu? Nimemtazama tu akizunguka.

Shemeji: Hukumtazama. Ulipopewa pedi mara ya kwanza hukujua. Kuna mtu alikuonyesha.

Gundi: Kinyozi ndiye alinionyesha.

Shemeji: Alikuonyesha kwa maneno gani?

Kinyozi alikuwa amerudi kwa mteja wake. Mashine ya kunyolea ilikuwa inalia, lakini haikuwa imegusa kichwa.

Kinyozi: Mimi nilisema… jamani, ni mazungumzo tu. Nilisema huyu askari ni kama Shemeji.

Shemeji: Endelea.

Kinyozi: Basi. Nilikuona ukizunguka siku ile niliyokuletea chakula ghalani, nikasema ni kama Shemeji.

Gundi: Usiishie hapo! Ulisema ni kama Shemeji kule ghalani, akishagusa tangi haonekani tena, mtu anaweza kupanda ukuta akapika chai. Na saluni ilikuwa imejaa! Mpaka waliokuja kuulizia bei walikusikia!

Kinyozi: Na wewe ndiye uliyeshika kiatu ukachora kwa vumbi hapa chini! Geti hapa, tangi hapa, ili Kifungu aelewe! Mimi nilisema tu, wewe ulichora!

Gundi: Nilichora ngome!

Kinyozi: Ngome gani ina tangi la maji la plastiki?

Gundi: Na Chaja je? Chaja ndiye aliyeuliza kama ule ukuta una vioo juu!

Mimi: Niliuliza kama binadamu! Mtu akiuliza kuhusu ukuta ameshakuwa mwizi?

Kifungu: Waheshimiwa, tusilaumiane…

Gundi: Wewe mzee usiseme kitu! Wewe ndiye uliyejibu kwamba vioo vilianguka zamani!

Mteja aliyekuwa kitini, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, akavua kile kitambaa cha shingoni taratibu, akasema atarudi siku nyingine, akaondoka hivyohivyo. Hakuna aliyemzuia. Kinyozi alikuwa ametoka nje, amemshika Gundi ukosi, Gundi naye anamsukuma kwa kile kiatu cha mtu, Kifungu katikati akipiga kelele za utulivu, nami nikimwambia kila mtu kwamba mimi niliuliza tu. Shemeji aliendelea kusimama palepale. Hakutugusa, hakututukana. Alituangalia kama anayeangalia vitu vinavyojiendesha vyenyewe.

Nilikasirika, na nitasema ukweli, sikukasirikia wezi wala msimamizi. Niliwakasirikia hawa watatu kwa kuwa na midomo mikubwa, na nilimkasirikia Shemeji kwa kuja kuniharibia Jumapili, na chini ya hasira zote hizo kulikuwa na kitu kingine ambacho sikutaka kukitazama.

Ndipo akafika dada yake Kinyozi. Alitoka sokoni moja kwa moja, kikapu begani, kanga imefungwa kwa haraka, na hakuwa na habari ya lolote lililotoka kusemwa. Alimwona mumewe, akashusha pumzi, akatuamkia wote. Kinyozi akamwachia Gundi ukosi, akaanza kumpangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Dada: Vizuri nimewakuta pamoja. Kesho huyu anaitwa ofisini, ameshawaambia?

Kifungu: Ametuambia, binti yangu. Tumesikitika sana.

Dada: Nimetoka kwa yule mama anayefagia pale ofisini. Amesema msimamizi ameruhusu aje na mtu mmoja wa kumsemea. Mtu mzima, anayemfahamu, aeleze kwamba huyu hajamweleza mtu njia yake na aeleze ilivyojulikana, kama anajua. Mtu mmoja tu. Nani anakwenda naye?

Gundi aliokota sindano yake, akaanza kushona kiatu ambacho nilijua amekimaliza tangu asubuhi.

Dada: Mzee, wewe mambo ya ofisi unayajua. Si utakwenda wewe?

Kifungu: Ningekwenda, binti yangu, ningekwenda kabisa. Ila magoti haya. Na tena, kisheria, mstaafu wa mahakama akitokea mahali kama pale, inaweza ikaonekana ni vitisho.

Dada: Fundi?

Gundi: Kesho nina mzigo wa viatu vya shule, dada. Wazazi watanila nyama.

Akanigeukia mimi. Nilikuwa na maneno tayari, kuhusu umeme, kuhusu simu ya mtu, kuhusu kijana anayeleta vioo vya skrini asubuhi. Niliyasema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, na ubaya ni kwamba alinisikiliza kwa heshima.

Dada: Mdogo wangu?

Kinyozi hakutoa sababu. Alimwangalia Shemeji, Shemeji naye akamwangalia yeye, na mtu yeyote mwenye akili angeona kwamba mmoja anaomba na mwingine anakataa kumsaidia kusema. Kinyozi akaingia ndani akaanza kufagia nywele.

Dada alizungusha macho benchi zima. Hakuelewa. Alitazama gemu lililoganda dirishani, birika, vikombe, vumbi chini ya miguu ya Gundi, na nilijikuta naliburuza kwa ndara ingawa hapakuwa na mchoro wowote uliobaki.

Dada: Kila siku anaponiambia anapitia hapa, husema anapitia kwa jamaa zake. Nami simuulizi zaidi. Sasa nauliza, kwani nyinyi kwake ni nani?

Alitaka kujua kweli. Hakukuwa na kejeli hata kidogo kwenye sauti yake, na kama ingekuwepo tungeishika hiyo kejeli tukamjibu kwa ukali, maana kwa ukali hatujambo. Gundi alipitisha uzi. Kifungu aliinua kikombe akakiona ni kikavu, akakirudisha. Ndani, ufagio ulisimama.

Tukangoja mwenzetu ajibu. Kila mmoja alimngoja mwenzake.

Shemeji akampokea mkewe kikapu. Angeweza kumwambia palepale. Angeweza kutuita majina yote tuliyostahili, na wallahi ningefurahi, ningempigia kelele nami, tungegombana kama watu, na pengine kwenye ugomvi huo mmoja wetu angeropoka kwamba atakwenda. Hakufanya hivyo. Alitugeukia kama anavyotugeukia siku zote akiwa njiani kwenda kazini, akaanza na mkubwa.

"Jioni njema, mzee. Jioni njema, fundi. Chaja, jioni njema." Akainama kidogo kwenye dirisha. "Shemeji, na wewe."

Safari hii tulimjibu wote, haraka, kwa pamoja, na sijawahi kuichukia sauti yangu mwenyewe kama nilivyoichukia hapo.